Kwa vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi), kabla hamjachapisha fulana

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesikia mnachanga fedha za fulana zenye picha ya Mwenyeheri Jerzy Popiełuszko, yule padre wa Polandi, mzivae Oktoba 19. Sina ugomvi na fulana. Ila nimezeekea kiwandani, na nina neno kuhusu huyo mnayetaka kumvaa kifuani.

Mnapenda kusimulia kifo chake. Usiku wa Oktoba 19, 1984, akirudi Warsaw kutoka kusalisha Rozari Bydgoszcz, maafisa watatu wa usalama wa serikali ya kikomunisti ya Polandi walimteka njiani, wakampiga, wakamfunga mawe na kumtosa majini. Alikuwa na miaka 37. Inatisha, ni kweli. Lakini mimi nataka mkae na miaka minne iliyotangulia.

Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Warsaw waligoma, wakaomba padre wa kuwaadhimishia Misa mle mle ndani ya geti. Akatumwa yeye, kijana wa shambani, afya yake mgogoro, woga umemjaa. Alipoingia wakampigia makofi. Akageuka kutazama ni mkubwa gani anayemfuata nyuma. (Hapo huwa nacheka peke yangu.) Makofi yalikuwa yake.

Tangu siku ile hakuwaacha. Desemba 1981 serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi na kuwatia ndani watu wa Solidarność, chama cha wafanyakazi, alikuwa akienda mahakamani kesi zao zikisikilizwa, anaketi na ndugu zao, ili mshtakiwa akiinua macho amwone. Parokiani akawa anagawa dawa na chakula kwa familia zao. Na katika zile Misa kwa ajili ya taifa, watu wakifurika mpaka barabarani, hakupaza sauti. Alirudia neno la Paulo kwa Warumi: usikubali kushindwa na ubaya, bali ushinde ubaya kwa wema. Hata jioni ile ya mwisho Bydgoszcz aliomba watu waokolewe na woga, na zaidi na kiu ya kisasi.

Sasa wanangu, wenzenu wanne walioachishwa kazi, kesi yao iko mahakamani tangu baada ya Pasaka. Nimehudhuria mara mbili. Benchi la nyuma tulikuwa wawili: mimi, na mke wa mmoja wao, mtoto mgongoni. Mara ya pili mtoto alilia, akatoka naye nje, nikabaki peke yangu. Yule kijana akageuka kumtafuta mkewe, akaniona mimi.

Kesi inatajwa tena Jumanne, saa tatu asubuhi. Sitaki mabango wala nyimbo. Njooni mkae tu. Nauli ya daladala kwenda na kurudi haifiki bei ya fulana moja.

Saa mbili na nusu nitakuwa pale mlangoni.

Babu yenu