Dirisha langu linaangalia ukuta, nifungue nini?

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lenu nikinyamaza, lakini ile ripoti yenu ya ukungu wa kuta za nyumba imenikasirisha kabisa. Eti ni uchafu wetu, mpangaji afungue dirisha hewa iingie! Mimi nakaa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, graundi, na dirisha langu linaangalia ukuta wa ploti ya jirani, ukinyoosha mkono unaushika. Hewa itoke wapi?

Ukungu wa kwangu unatoka kwa bomba la bafu ya wale wa juu, linavujia ndani ya ukuta, rangi imevimba ikabanduka na nyuma ya kitanda kumekuwa kweusi tii mpaka godoro linanuka. Kijana wangu ana pumu, mvua ya Mei ikishika anakohoa usiku kucha, kifua kinapiga filimbi, tunakimbia hosi anawekwa nebulaiza, tukirudi analala palepale. Kumwambia keteka, yule msimamizi wa ploti, akaja na brashi akapaka rangi juu ya ukungu na kuniambia eti sisi wapangaji tunaanika nguo ndani. Tuanike wapi na za kamba ya juu zinaibwa? Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2009 kwamba unyevu na ukungu wa nyumba unazidisha pumu na magonjwa ya kifua, kwa hivyo msituletee maneno ya uchafu, nyumba ndiyo mbovu. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili alikufa 2020 sababu ya ukungu, na babake alikuwa amelalamika weee, ndipo bunge lao likatunga sheria 2023 ya kuwabana wenye nyumba za umma wazirekebishe kwa muda maalum.

Hata sisi sheria iko. Sura ya 242, ya afya ya umma, inampa afisa wa afya nguvu ya kumwandikia mwenye nyumba notisi. Lakini ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nani Pipeline analipa kidogo hivyo? Na ukihama dipoziti inakatwa ya rangi, rangi ileile iliyobanduliwa na maji yao! Hapo ndipo mngeandika ripoti, muwaambie watu wapige ukuta picha, waweke karatasi za hosi, na dipoziti waidai kwa korti ya madai madogo, inasikiza kesi za mpaka shilingi milioni 1.

Kaunti nayo itume maafisa mwezi wa Mei, waanze na graundi, wavute vitanda waone nyuma. Na keteka asiguse brashi kabla fundi wa bomba hajafungua huo ukuta.

Mpangaji,
Pipeline, Nairobi