Miezi miwili ya mwisho ya mimba: protini gani inamfikia ndama?

Wafugaji wengi wanatuuliza: ng'ombe wangu nampa chakula chenye protini ya kutosha, mbona ndama wake huzaliwa wadogo na wanyonge? Nasi tukiuliza anakula nini tangu akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa kabla ya kuzaa, jibu mara nyingi ni nyasi kavu na chumvi ya kulamba, kwa sababu kwa sasa hatoi maziwa. Tatizo linaanzia hapo.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280, na zaidi ya nusu ya uzito wa ndama huongezeka katika siku 60 za mwisho, zile zile ambazo mama hakamuliwi. Kiwele kimepumzika lakini tumboni kazi imepamba moto. Isitoshe, katika wiki tatu za mwisho hamu ya kula hushuka. Anahitaji zaidi, naye anakula kidogo.

Ndama aliye tumboni hapokei protini nzima nzima. Anapokea asidi amino, vipande vidogo vinavyojenga protini, ambavyo kondo la nyuma huvivuta kutoka kwenye damu ya mama kwa kutumia nguvu. Huvuta hata pale vinapokuwa vingi upande wa ndama kuliko upande wa mama. Ndama hujengea misuli na viungo vyake, na sehemu nyingine huichoma kupata nguvu. Chakula kisipotosha, mama huanza kuvunja misuli yake mwenyewe, na anaweza kufika siku ya kuzaa akiwa ameishiwa.

Kwa ng'ombe wa maziwa, asidi amino zinazopungua kwanza kwa kawaida ni laisini na methionini. Moja ikipungua, zilizobaki hazitumiki zote hata zikiwa tele. Ziada huvunjwa kwenye ini na kutoka na mkojo, na gharama yako inatoka nayo.

Sasa tazama namba ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko wa chakula. Namba hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kupima nitrojeni, kisha kuizidisha kwa 6.25. Kwa hesabu hiyo, urea yenye nitrojeni asilimia 46 inasomeka kama protini asilimia 287, ilhali haina asidi amino hata moja! Hatusemi urea ni mbaya; kwa kipimo sahihi vijidudu vya tumbo la kwanza huitumia vizuri. Tunachosema ni kwamba mifuko miwili yenye namba moja inaweza kumpa ndama vitu viwili tofauti kabisa.

Vijidudu hivyo ndivyo vinavyofanya lishe ya ng'ombe iwe tofauti na ya kuku au nguruwe. Huvunja sehemu kubwa ya protini ya chakula kuwa amonia, kisha huitumia kujenga miili yao. Vikisukumwa hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba, vyenyewe humeng'enywa, na protini yake ni bora sana kwa uwiano wa asidi amino. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauhusu kirutubisho chochote cha kununua. Mpe nyasi zilizokatwa kabla hazijakomaa, wanga wa kiasi, na maji safi muda wote. Vijidudu vikishiba, nusu ya safari imekwisha.

Baada ya hapo tunachanganya vyanzo. Mahindi yana laisini kidogo. Soya ina laisini nzuri lakini methionini yake ni haba, na mashudu ya alizeti ni kinyume chake. Unga wa samaki una zote mbili kwa kiwango kizuri. Mfugaji anayetegemea chanzo kimoja ndiye tunayemhofia zaidi.

Pengo likibaki, ndipo tunapopendekeza methionini iliyokingwa. Methionini ya kawaida huvunjwa sana tumbo la kwanza, lakini hii ni punje ndogo zilizofunikwa utando unaostahimili tumbo hilo na kuachia kilichomo mbele zaidi. Usizisage, na usizipitishe kwenye mashine ya moto ya kutengeneza vidonge vya chakula. Zile ambazo utando wake huyeyuka kwenye asidi, usizichanganye na sailaji (majani yaliyovundikwa) chachu ukaziacha zikae. Utando ukiharibika, umelipia punje zilizokingwa lakini unalisha methionini ya kawaida.

Je, ndama ataongezeka uzito? Baadhi ya majaribio ya kuwapa ng'ombe methionini iliyokingwa wiki nne za mwisho yalipata ndama wazito zaidi. Mengine hayakuona tofauti. Hivyo hatumwahidi mteja kilo, na anayekuahidi muulize ng'ombe wake walikuwa wakila nini kabla.

Wapo pia wanaoogopa kwamba ndama mkubwa atamsumbua mama, kwa hiyo wanamnyima chakula kwa makusudi. Tafadhali usifanye hivyo. Kuzaa kwa shida hutokana zaidi na dume aliyechaguliwa, mtamba (jike ambaye hajazaa bado) kupandishwa kabla hajakua, mlalo wa ndama, au mama kunenepa kupita kiasi. Ukimnyima chakula unapata ndama dhaifu na mama asiye na nguvu ya kusukuma, na hata dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, inaweza kuwa duni. Kwa ng'ombe hili ni zito mno, kwa sababu kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma. Ndama huipata kwa kunywa dang'a saa za mwanzo tu.

Ukitaka tukupangie mgao, tuletee tarehe ya kupandisha, makadirio ya uzito wa ng'ombe, na orodha ya kila anachokula pamoja na vipimo vyake. Pima kwa mizani, si kwa ndoo. Piga pia picha mbili, moja ya ubavuni na moja ya nyuma, tuone hali ya mwili. Zitume wiki moja au mbili kabla ya kumkausha, ili tupate muda wa kubadilisha chakula polepole.