Risala kwa Mgeni Rasmi: Kwetu Vita Viliisha Tarehe 25 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afande. Mwalimu Mkuu wetu. Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa. Mashehe na wachungaji mlio nasi. Wazee wetu wa Bombo. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa.

Afande, kwanza tunakushukuru kwa kukubali kuja. Umelitumikia jeshi la nchi hii hadi ukastaafu, na sisi wanachama wa klabu ya historia tulitaka maneno haya ayasikie mtu aliyevaa magwanda na kuzika wenzake.

Wako waliopokea mwaliko wetu wakauliza kwa nini, kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tumeiacha tarehe 11 Novemba, inayojulikana duniani, tukachagua leo, tarehe 25. Tunaomba tueleze, kwa sababu hapo ndipo lilipo neno letu lote.

Tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi, mizinga ilinyamaza Ulaya. Mwaka uliofuata Waingereza walianza desturi ya kukaa kimya dakika mbili saa hiyohiyo. Mwaka 1920 wakamzika askari asiyejulikana jina katika Westminster Abbey, siku ileile Wafaransa walipompeleka wa kwao kwenye Arc de Triomphe. Lakini huku Afrika Mashariki vita vilikuwa havijaisha. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa ameingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo, na habari zilimfikia tarehe 13 karibu na mto Chambeshi. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala. London ilikuwa imekwisha kushangilia, na mpagazi wa Kiafrika bado ana mzigo kichwani.

Tumesoma jinsi mataifa mengine yanavyofanya, tukaona kwamba kila moja limeshika siku yake lenyewe. Ulaya Magharibi huadhimisha mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia tarehe 8 Mei, Urusi tarehe 9, kwa kuwa Wajerumani walisalimu amri Berlin usiku, na Moscow kulikuwa kumeshaingia siku mpya. Japani, iliyoshindwa, huwaombolezea wafu wake tarehe 15 Agosti saa sita mchana, saa ambayo mwaka 1945 sauti ya mfalme wao ilisikika redioni ikitangaza kwamba vita vimekwisha. Waholanzi ndio waliotugusa zaidi. Jioni ya tarehe 4 Mei, saa mbili usiku, nchi nzima hunyamaza kwa ajili ya waliokufa. Kesho yake ndipo wanaposherehekea uhuru. Hawachanganyi kilio na ngoma.

Nasi Uganda tunazo siku zetu: Tarehe Sita ya mwezi wa pili, siku ya jeshi, ambayo wewe Afande unaijua kuliko sisi, 26 Januari ya ukombozi, na 9 Juni ya mashujaa. Kaskazini mambo ni mazito zaidi. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, hakutia saini mkataba wa amani wa Juba mwaka 2008, kwa hiyo vita vile havikupata siku ya mwisho ya kuadhimisha. Wenyeji wameshika siku za msiba wenyewe: Barlonyo 21 Februari, Lukodi 19 Mei, tarehe ambazo watu wao waliuawa mwaka 2004. Tunawaheshimu sana kwa hilo. Hawakungoja mtu awapangie lini wakumbuke.

Afande, vita vya 1914 havikupiganwa na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) peke yao, hao ambao Bombo ilikuwa kambi yao. Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki, na waliokufa walizidi 90,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliolelewa kwa matoke walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu, matumbo yao yakakataa. Wapo Waganda waliowabebea Wabelgiji mizigo katika safari iliyofika Tabora Septemba 1916. Na walikuwapo vijana wa rika letu, waliotolewa katika shule za misheni hapa Uganda, wakaingizwa katika kikosi cha tiba cha Waafrika kuwauguza wenzao. Walikuwa wanafunzi kama sisi.

Majina yao yako wapi? Kule Ypres, Ubelgiji, lango la Menin Gate limechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na makaburi yanayojulikana, na tarumbeta hupigwa pale kila siku saa mbili usiku. Desturi hiyo ilianza mwaka 1928. Dar es Salaam ipo sanamu ya askari tangu 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini kwa jumla tu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tumeipokea radhi hiyo, ila inatuuma kwamba ilichukua zaidi ya miaka 100.

Ndiyo maana klabu yetu imekuwa ikienda nyumbani kwa wazee na kuandika. Vita vya pili, vya Burma na Madagaska, bado vinakumbukwa vizuri, kwa maana wajukuu waliwaona babu zao. Vita vya kwanza ni kazi ngumu. Mara nyingine tunapata jina moja tu, mara nyingine tunaambiwa, “alikuwa kaka yake bibi, alikwenda hakurudi.” Hilo nalo tunaliandika. Tutawaandika pia waliokuwa upande wa Wajerumani, familia zao zikituletea majina. Mama zao nao walilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Kubwa ni barua yako ya kututambulisha katika hifadhi ya nyaraka za taifa, ili wanafunzi wakiandamana na mwalimu waruhusiwe kusoma karatasi za wakati ule. Neno lako litafungua mlango kuliko la mwanafunzi. Tunaomba pia utusaidie kupata saruji na bati la kuandikia, ili ukuta wa kaskazini wa bwalo letu uwekwe ubao wa majina, wenye nafasi za kutosha kwa yatakayopatikana baadaye. Na wewe Mwenyekiti wa LC, tunakuomba utangaze kijijini kwamba mwenye cheti, nishani, picha au hata hadithi ya mtu wake aje shuleni siku ya Jumamosi. Hatutachukua kitu cha mtu. Tutanakili na kumrudishia palepale.

Afande, baada ya risala hii mwanafunzi wa kidato cha pili atasoma majina tuliyonayo. Tunakuomba usimame nasi, na ukiwa na jina la mtu wako, ulitamke pia.

Tunaomba kuwasilisha.