Barua kwa mwanangu: serotonini iliyokuwa kidoleni mwako

Mwanangu mpendwa,

Juzi ulipojikata kidole ukichonga penseli, nilikibana ukalalamika nakuumiza. Damu ikadondoka matone matatu manne, ikakata. Jioni ukaniambia umesoma kwamba serotonini ni kemikali ya furaha na makao yake ni ubongo. Sikukujibu vizuri, na jambo hili halikunitoka.

Katika yale matone mlikuwa na chembe sahani, ndogo kuliko chembe nyekundu, zimebeba serotonini ndani ya vifuko vidogo mno. Haziitengenezi, huiokota kwenye damu zikaiweka akiba. Mshipa ukikatika, hujibandika penye jeraha na kuimwaga. Hapo serotonini huusaidia mshipa kujibana, na huzichochea chembe sahani nyingine zishikamane. Mimi nilikuwa nabana kwa nje. Ndani, mwili wako ulikuwa umeshaanza kubana wenyewe.

Na chembe sahani zinaiokota imetoka wapi? Utumboni. Karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili iko huko, kwenye seli zilizotawanyika katika utando wa ndani. Chakula kikipita na kuzisukuma, huitoa, neva za utumbo zikapata habari, na utumbo ukasukuma chakula mbele. Seli hizo zikikutana na sumu huitoa pia, na neva hupeleka habari hadi kwenye ubongo. Ndipo unapohisi kichefuchefu.

Hata wataalamu walianzia huko. Vittorio Erspamer wa Italia aliikuta utumboni miaka ya 1930, akaiita enteramini. Mwaka 1948, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, huko Marekani, waliitoa kwenye damu na kuiita serotonini. Mwaka 1952 ikathibitika kuwa ni kitu kimoja. Betty Twarog ndiye aliyeionyesha katika ubongo, na matokeo yakachapishwa 1953. Ubongo, mwanangu, ulikuja mwisho.

Nao una yake mwenyewe, kwa sababu ile ya utumboni haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Kinachovuka ni triptofani, malighafi tunayoipata kwenye chakula. Seli za neva chache katika shina la ubongo huigeuza kuwa serotonini, huihifadhi kwenye vifuko, na nyuzi zake hufika karibu kila pembe ya ubongo. Inagusa usingizi, hamu ya kula na hisia zetu. Kuiita kemikali ya furaha tu ni kuipunja.

Kigaga kikianza kuwasha, usikibandue.

Mama yako