Barua ya wazi kwa wanangu mnaozima simu siku ya marejesho

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba wote.

Naandika hii kwa sababu ndani ya wiki chache nimefuatwa na vijana wanne, hawajuani kabisa, na kila mmoja kaja na maneno yaleyale, mzee nimekwama, madeni yamenikaba koo, sasa nikamuuliza wa kwanza unadaiwa jumla kiasi gani, akaangalia dari. Wa pili naye dari. Wa nne akanijibu "ni nyingi tu mzee", bas ikaishia hapo. Nyingi sio hesabu mwanangu.

Msidhani nawacheka, mi mwenyewe nimepita hukohuko. Nilikuwa na madeni saba na yote niliyaweka kichwani, nikiamini nayajua vizuri kuliko hata wanaonidai, mpaka siku mke wangu alipochana karatasi ya katikati kwenye daftari la mtoto, akanikalisha chini akasema haya taja. Nikataja matano. Mawili yaliyobaki yalinijia usiku nimeshalala, nikaamka nimekaa kitandani kama mtu aliyeota mbwa. Tulipojumlisha asubuhi ikatoka karibu mara mbili ya ile niliyokuwa najidanganya nayo, na mjue nilichofanya, nilimkasirikia yeye! Nikaona kama kaniongezea.

Kwa hiyo kabla ya ushauri wowote, kabla hujasikiliza wale wanaokwambia punguza hiki acha kile, chukua karatasi. Andika nani anakudai, kimebaki kiasi gani LEO (sio ulichokopa, kilichobaki), riba yake ngapi na ni ya mwezi au ya mwaka, tarehe ya kulipa, halafu andika na kile ambacho watu wengi hawaandiki, ukichelewa kinatokea nini. Hiki cha mwisho ndo chenye akili yote. Maana kuna deni ukichelewa unatolewa nje ya nyumba, kuna deni linachukua kitendea kazi chako, kuna lingine unapigwa faini, na kuna deni ambalo kazi yake ni kupiga simu na kutuma meseji za vitisho tu, na sisi binadamu tulivyo tunakimbilia kumlipa mwenye kelele, kumbe yule aliyenyamaza ndo ana karatasi ya dhamana kabatini. Anzeni na pa kulala, chakula, na kinachokufikisha kazini, kelele zisubiri zamu yake.

Na hapo kwenye riba nikae kidogo, maana ndipo tunapoliwa. Mtu anaambiwa "riba ni asilimia 10 tu" anaona ndogo, hata haulizi 10 ya nini. Kama ni ya mwezi, na hujalipa kitu, na riba inajumlishwa kwenye deni kila mwezi, basi 100 uliyokopa miezi 12 baadae inadaiwa karibu 314. Sijakosea kuandika. Kuna hesabu moja ya haraka ya kujua deni litajizidisha mara mbili lini, chukua 72 gawanya kwa riba, kwa riba ya 10 unapata 7 na kidogo, yani kama miezi saba tu na deni limezaa pacha wake. Kama riba ni ya mwaka basi ni miaka saba. Neno moja hilo, mwezi au mwaka, na watu wanasaini bila kuliuliza.

Halafu kuna ule ujanja mwingine, riba isiyopungua na riba ya salio linalopungua. Tuseme umekopa 1,200 kwa mwaka, wanakwambia riba 10 kwa mwaka, wanapiga 120 juu, unalipa 110 kila mwezi. Inaonekana haki kabisa. Ila fikiria, mwezi wa kumi umesharudisha sehemu kubwa ya ile hela na bado unatozwa kana kwamba 1,200 yote unayo mfukoni. Ukiipiga kwa salio linalopungua, riba yako halisi inakuja karibu 18 kwa mwaka. Sio wizi, imeandikwa kwenye mkataba, ila wewe ulisoma ile namba ya juu tu. Mkiulizia mkopo ulizeni swali moja, mpaka namaliza nitakuwa nimerudisha jumla kiasi gani, na ada zote ndani. Afisa akianza kuzungukazunguka ondoka.

Na wale mnaolipa kiwango cha chini kila mwezi mkijiona waaminifu, nisikilizeni. Deni la 1,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ukilipa 25 kila mwezi, mwezi wa kwanza 20 nzima inaenda kwenye riba na deni la msingi linapungua 5. Tano! Utalipa kama miezi 82, hiyo ni miaka karibu saba, na utakuwa umetoa zaidi ya 2,000. Deni hilohilo ukijibana ukalipa 50, unamaliza ndani ya miezi 26 na umetoa kama 1,290. Mimi hesabu hii niliionyeshwa nimeshachelewa sana, sikulala vizuri siku ile.

Sasa uanze na lipi. Wapo wanaosema anza na lenye riba kubwa, kihesabu wako sahihi, hilo ndo linakugharimu zaidi. Wapo wanaosema anza na dogo kuliko yote, limalize, roho itulie, halafu hela uliyokuwa unalipa pale iongeze kwenye linalofuata. Mi nilifuata la pili kwa mawili madogo, nikageukia lenye riba kubwa, na wala sikuomba ruhusa kwa mtu. Ukiwa na madeni saba una wapigaji simu saba, ukiyapunguza yakawa matano unaanza kusikia akili yako mwenyewe. Ila usijigawe, hapa kidogo pale kidogo ili kila mtu asikasirike, hapo hakuna litakaloisha. Yote lipa kile cha lazima, na ziada yote ielekeze kwenye moja.

Nendeni mkaongee na wanaowadai, na muende KABLA ya tarehe. Hili najua mnaliogopa kuliko yote. Mtu aliyekuja siku tano kabla akasema mwezi huu sitafikisha, naweza nusu, naomba muda uongezwe, huyo anaonekana ana nia. Mtu yuleyule akipatikana siku ishirini baada ya tarehe kwa namba ya shemeji yake, hata aseme maneno gani ameshakuwa tapeli. Wakopeshaji wengi wanazo njia za kupanga upya marejesho, hawatakutangazia, mpaka uombe, na wakikubali chochote waandike, maneno ya mdomo yanaisha siku afisa huyo akihamishwa. Na soma kwanza, maana kuongezewa muda kunaweza kukuongezea na riba.

Wala kuomba afueni sio aibu ya leo. Kwenye sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, imo kwamba mkulima mwenye deni, dhoruba ikimharibia shamba au mazao yakikosa maji, mwaka huo halipi, na bamba lake la udongo lililoandikwa deni linaloweshwa maji libadilishwe, na riba ya mwaka huo hatoi. Hilo nilipolisoma nilicheka peke yangu, yani tangu binadamu anaandika kwenye udongo kuna mtu anakwenda kwa mdai wake anasema mwaka huu mzee haikuwezekana.

Kukopa ili ulipe deni, hapa mnaniuliza sana. Jibu langu ni hapana, isipokuwa vitu vitatu viwe pamoja: riba mpya iwe ndogo kuliko ya zamani, jumla utakayorudisha iwe ndogo, na lile la zamani ulifunge kabisa sio uliache na mlango wazi. Maana najua kinachotokea, unakopa kulipa yale madogo matatu, unapumua wiki mbili, halafu yale matatu yanakutumia meseji "hongera, sasa unaweza kukopa tena hadi..." na wewe unakopa. Sasa una manne. Futeni hizo apu jamani, meseji za ofa zizuieni, sio kwamba nyie ni dhaifu, ni kwamba zinakuja tarehe 22 usiku wakati mtu hana kitu na hakuna anaemuona.

Udhamini nitaugusa tu: ukisaini kumdhamini mtu, hesabu deni hilo ni lako kwenye karatasi yako. Kama usingeweza kulilipa asipolipa, usisaini, hata akilia.

Bajeti sasa. Kuna kanuni maarufu ya 50/30/20, nusu kwa mahitaji, 30 kwa unavyovipenda, 20 akiba na madeni. Nzuri, ila kwa mtu ambaye marejesho peke yake yanameza 45 hiyo ni hadithi tu, msijilaumu mkishindwa kuifuata. Mi ninachowaambia, mwezi wa kwanza usipange chochote. Andika tu. Kila kinachotoka, hata kile unachoona aibu kukiandika, hasa hicho. Siku 30. Ukipanga bajeti kabla hujajua unavyotumia, unapanga maisha ya mtu mwingine, mtu mzuri sana asiyekula nje wala kununua vocha, na tarehe 9 huyo mtu amekufa.

Baada ya hapo ndo unapanga, na unapanga kwa tarehe sio kwa mwezi, maana wengi wenu kipato kinatosha ila tarehe ndo hazipatani, hela inaingia tarehe 28 na deni linadai tarehe 25, kwa siku tatu hizo unakopa, na riba ya siku tatu hizo ndo imekufikisha hapa. Omba tarehe ihamishwe, mara nyingi inawezekana. Na wale wa kipato cha kubahatisha, angalia miezi sita iliyopita, chukua mwezi mbaya kuliko yote, panga kwa huo. Mwezi mzuri ukija ziada imeshajua inakwenda wapi. Yale ya mara moja kwa mwaka, ada, bima, matengenezo, gawa kwa 12 uweke kila mwezi, kwa sababu ada ya shule haijawahi kuwa dharura, tarehe yake unaijua tangu mwaka jana.

Na weka akiba kidogo hata ukiwa na deni. Najua kihesabu inaonekana ujinga, kwa nini niweke hela wakati riba inakimbia. Kwa sababu mtoto ataumwa, simu itaanguka, na usipokuwa na kitu utakopa upya na kazi ya miezi minne inaisha mchana mmoja. Weka kidogo, mbali na mkono. Na weka fungu dogo la ndugu, kwa sababu wataomba tu, fungu likiisha unasema limeisha na unakuwa unasema kweli, na fungu dogo zaidi la kujifurahisha, bajeti isiyo na raha ni kama kufunga bila kufuturu, haifiki mbali.

Mwambieni mtu mmoja wa nyumbani. Mficha uchi hazai. Nimeona ndoa ikivunjika kwa deni ambalo lingelipwa kwa mwaka na nusu, kilichoivunja ni ile siku mke alipolisikia kwa mtu baki. Na kama kuna mwanangu anaesoma hapa na usiku anawaza kwamba bora asingekuwepo, usikae na hilo wazo peke yako hata dakika moja, amsha mtu, yeyote, saa yoyote, nenda hata hospitali useme hivyohivyo. Deni linapangwa upya, linapunguzwa, lingine linafutwa. Wewe hatuna wa kukubadilisha nae.

Wale mliokopa kwa marafiki, hao hawatozi riba ila wanatoza kwa namna nyingine. Mimi deni langu la saba, lile lililonijia usiku, lilikuwa la rafiki yangu tuliesoma wote. Nilimkwepa muda mrefu mpaka misibani nilikuwa nauliza kwanza kama amefika. Siku nilipojikaza nikampigia, mkono unatetemeka, nikasema bwana deni lako nalijua, sina lote, nina kidogo kila mwisho wa mwezi. Akanyamaza. Nikajua sasa natukanwa. Akaniambia, "mi nilishaacha kudai hela, nilikuwa nauliza watu kama we bado mzima."

Nilimlipa kwa miezi kumi na nne. Mwezi wa kumi na tano nikampelekea tena kwa mazoea, akanirudishia.