Barua kwa Mwanangu Kabla ya Kliniki ya Jumatano

Korogwe, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Tangu ulipotueleza kwa simu kwamba pete ilikataa kutoka kidoleni mpaka ukapaka sabuni, na kwamba kliniki ya mwezi huu uliiruka kwa sababu mlikuwa mnafunga mahesabu kazini, sijalala vizuri. Uliyasema hayo kwa kucheka. Mama yako alikuwa kando yangu akisikiliza; alinyamaza, akatoka kwenda kukaa peke yake uani, nami nikaona ni heri niandike, kwa kuwa yapo maneno ambayo kwenye simu nisingeyafikisha mwisho.

Majirani wamekwambia kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume. Miguu huvimba kwa wajawazito wengi na huenda isiwe na neno. Uso na vidole kuvimba ghafla, mama, ni habari nyingine, hasa kwa mtu ambaye presha yake ilikuwa 110 kwa 70 na mara ya mwisho ikaandikwa 138 kwa 88. Ni kweli haijafika 140 kwa 90, ambayo kwa mjamzito huhesabiwa kuwa ya juu, lakini nimefundisha hesabu miaka 31 na ninajua kutazama namba zinaelekea wapi.

Jumatano uende, na ukifika useme kabla hujaulizwa: “Mama yangu mzazi alipata kifafa cha mimba katika uzazi wake wa kwanza.” Hukuwahi kuambiwa. Kaburi dogo lililo chini ya mfenesi unalijua, na kila ulipouliza tulikujibu kwamba mtoto alizaliwa amechoka.

Katika mimba hiyo ya kwanza, siku moja mama yako alirudi kutoka shambani akiwa amejikaza kanga kichwani, akasema kichwa kinampasuka, anaona kama vimulimuli mbele ya macho, na anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia. Tulidhani ni malaria. Usiku alipoanza kukakamaa na kuung'ata ulimi mpaka mto ukalowa damu, wazee walitaka afukizwe kwanza, na mwenye nyumba nilikuwa mimi. Gari lilikuwapo pale kijijini. Tuliondoka alfajiri.

Nesi mmoja mstaafu tunayesali naye amenieleza kwamba mwenye mimba ya kwanza, ambaye mama yake aliwahi kupata tatizo hili, daktari anaweza kumwanzishia dozi ndogo ya aspirini ya kila siku tangu wiki ya 12, na kwamba inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 20. Wewe uko wiki ya 29. Hilo halikukupita kwa uzembe wako.

Lililo la uzembe wako ni kliniki uliyoiruka. Mahesabu ya ofisi yangefungwa na mwingine. Hakikisha wanapima na mkojo, kutafuta protini, maana presha inaweza kuonekana ya wastani huku figo zimeshaanza kulemewa. Ulisema kwenye zahanati yenu vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Vikiwa bado havijaletwa, usirudi nyumbani, nenda hospitali ya mkoa siku hiyohiyo. Sukari nayo, kama hawakuipima kati ya wiki ya 24 na ya 28, iulizie.

Mama yako atapanda basi Ijumaa kuja huko, na atakuwa na vidonge vyake vya presha mkobani. Usivimeze hata kimoja, kwani vipo vya jamii ya kaptopuri na losatani vinavyodhuru figo za mtoto aliye tumboni. Dawa za presha za wajawazito zipo, na daktari ndiye atakayekupa.

Kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiingia ukungu, ukiumwa juu ya tumbo, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kupambazuke. Mkwe wangu akiwa safarini, mgongee jirani, hata kama ni saa nane usiku. Hospitalini wana sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege, na ikibidi watamtoa mtoto mapema, kwa sababu ugonjwa huu hauanzi kuisha mpaka kondo la nyuma litoke. Hata baada ya kujifungua unaweza kuzuka, siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo usikubali kuacha kupimwa kwa kuwa tu mtoto yuko mikononi.

Wewe ndiye uliyeiezeka nyumba hii kwa mshahara wako wa kwanza, na kila mvua inaponyesha ninawaambia wageni nani aliyenunua mabati. Lakini umerithi kwa mama yako tabia ya kuumwa kimyakimya, na hiyo siisifu.

Fedha za ada ya mdogo wako usitume mwezi huu. Nimeuza beberu mkubwa, na gunia mbili za mahindi zitatutosha mpaka mvua. Zako ziweke kando kwa ajili ya gari la kukodi usiku, na namba ya dereva iandikwe ukutani, karibu na kitanda. Mpe mkwe wangu naye aisome barua hii.

Jumatano ukitoka kliniki unipigie kabla hujapanda daladala, unitajie namba zote mbili, ya juu na ya chini, na walichokiona kwenye mkojo. Nitakuwa nimekaa karibu na simu tangu asubuhi.

Ni mimi baba yako.