Barua kwa mwanangu Zuhura: Jumanne sitapiga simu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi tulifundishwa kuianza barua hivi: huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yetu. Sentensi hiyo nimekuandikia mara nyingi tangu uende Nairobi, na wala sikuwa na hofu. Nilikuwa najaza mstari tu. Safari hii ni kweli, mamangu. Hofu ninayo.

Naandika kwa kalamu, mdogo wako atapiga picha akutumie, kwa sababu kwenye simu ulimi wangu hutangulia akili. Usiku ule uliponiambia kwamba kila Jumanne saa moja jioni unazungumza na mshauri nasaha kwenye kompyuta, nilikujibu nini? "Una nini cha kukuliza wewe? Kazi unayo, mshahara unao, deni huna." Ukasema, "Haya, mama," ukakata. Hiyo "haya" nimelala nayo na kuamka nayo wiki tatu sasa. Kwetu mtoto ndiye humwomba mzazi radhi. Leo mimi nakuomba wewe.

Nirudi nyuma kwenye Idi. Asubuhi nilikuachia karai la mahamri, nikaenda uani kuwatolea majirani sahani zao. Harufu ndiyo iliyoniita. Nikakukuta umesimama na kijiko cha matundu mkononi, mafuta yanatoa moshi, mahamri matatu yamekuwa makaa, nawe unayatazama. Nikazima moto. "Zuhura, wafanya nini?" Ukasema, "Nilikuwa nahesabu." Wahesabu nini? "Sijui." Halafu machozi yakakutoka, bila sauti, bila hata uso kukunjamana, kama maji yanavyovuja kwenye mtungi.

Mimi nikasema hili ni jicho. Umepanda cheo, una gari, watu wana macho. Nikaenda kwa mwalimu akakuandikia kombe, aya za sahanini zioshwazo kwa maji, ukalinywa kwa adabu zote, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili, unamjibu mtu wa ofisini siku ya Idi. Sijuti kukuombea dua na sitaacha. Lakini niliiona ile simu, nikaiacha ipite, nikashughulika na majirani wanaokuonea kijicho.

Uliporudi Nairobi nilimwendea binamu yako muuguzi, nikamwuliza faragha, maana mtaani kwetu Langoni ukikohoa huku wanakuuguza kule. Akanieleza taratibu. Akasema mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiandika hali hii ya kuchoshwa na kazi, wenyewe waiita "burnout", katika orodha yake ya maradhi na hali za afya, likafafanua kwamba si ugonjwa, ni jambo linalotokana na kazi, msongo wa muda mrefu usiopata dawa. Dalili zake tatu: nguvu zinakwisha kabisa, moyo unaikimbia kazi hata unaidharau, na mtu anajiona hafai tena kwa kazi ile ile aliyoimudu jana. Nilipolisikia lile neno "si ugonjwa" nikashusha pumzi: alhamdulillahi, si wazimu. Baadaye nikaona haya. Kumbe nilikuwa nawaogopea watu watasema nini, sikukuogopea wewe.

Akaniambia pia juu ya Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliyeandika habari hizi mwaka 1974. Aliyaona kwa wenzake waliojitolea kwenye zahanati ya bure, na kwake mwenyewe, maana mchana alikuwa na wagonjwa wake na usiku yuko zahanati. Nikauliza, kwa hiyo mvivu hapatwi? Akacheka. Akasema hupata tabu sana yule anayejitoa wote.

Anayejitoa wote. Nikanyamaza, kwa sababu namjua aliyekufundisha.

Wakumbuka darasa la tano ulipokuja na ripoti, umekuwa wa pili? Ulikuja mbio kutoka shule, buibui limeanguka mabegani. Nilikuwa nashona kofia. Sikuinua hata uso, nikauliza, "Nani wa kwanza?" Basi. Sikuuliza jingine. Nilidhani nakutia hima. Na yalipotoka matokeo ya darasa la nane, 421 kwa 500, nilipika biriani mtaa mzima ukala, nawe jioni ukaniuliza, "Na ningepata mia tatu, ungepika?" Nikakwambia usilete nuksi. Ulikuwa na miaka kumi na nne, ukauliza swali la maana kuliko yote uliyowahi kuniuliza, nami nikakufukuza nalo.

Jibu ni ndiyo, ningepika. Lakini najua limechelewa, na kwamba kulisikia leo hakulifuti lile la kwanza.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wako ameniambia (usimgombeze, nilimbana) kwamba umemwambia umebakisha vikao vinne, hujakosa hata kimoja, na zoezi analokupa mshauri unalimaliza usiku ule ule na kumpelekea kabla hajaliomba. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Zuhura, hata tiba umeigeuza mtihani! Unataka umwone yule mama wa watu akikutia alama ya vema.

Akanisimulia na lile zoezi la daftari, la kuliandika wazo linapokuja, kama lile la "nikikosea tarakimu moja kila mtu atajua mimi si chochote", kisha uandike upande huu yanayolishuhudia na upande huu yanayolikanusha. Nalipenda. Ni kama kesi mbele ya kadhi, wazo nalo liletwe na mashahidi wake. Lakini la pili ndilo lililonifurahisha, la kuipeleka ripoti ukiwa umeisoma mara mbili badala ya mara tano, kisha ukae uone kama dunia itapasuka. Mdogo wako anasema hilo ndilo hujalifanya. La kuandika umeandika kurasa arubaini.

Mimi kofia moja ilinichukua miezi mitatu. Nikiona kiua kimoja kimezidi wenziwe, hata kwa unene wa sindano, nafumua mstari. Marehemu babako aliniambia siku moja, anayenunua ataivaa kichwani, wewe unaishona kwa ajili ya nani? Nilimnunia siku mbili. Macho yangu ndiyo haya unayoyajua, nasoma barua nimeiweka puani. Ifanye ile ya kusoma mara mbili, mwanangu. Ikikushinda, kamwambie mshauri imekushinda. Nadhani siku utakayomwambia "sikulifanya zoezi", ndipo mtakapoanza.

Khalati yako anasema mambo haya ni ya kizungu. Mwambie, au niachie nimwambie mimi, kwamba Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya mwili na ya nafsi pamoja, akasema kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura ya mwili, aweke na mawazo mema akiba wakati moyo umetulia, ili ayapate moyo ukichafuka. Ustadhi ametusomesha hayo darasani, na khalati alikuwapo, ila alikuwa anasinzia.

Jambo moja mshauri hataliweza. Hatakupunguzia mafaili. Kama wakaguzi wenzako watatu wameondoka na kazi yao umerithi wewe, hapo pana haja ya kwenda kwa mkubwa wako ukamwambie hii naibeba, hii siibebi. Usiende kutibiwa Jumanne ili upate nguvu ya kuumizwa Jumatano.

Na hili nakuuliza waziwazi, kwa kuwa binamu yako amenihakikishia kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo: je, kuna usiku unaotamani usiamke? Kama upo, huo si uchovu wa kazi tena. Niambie mimi, mwambie mshauri, uende kwa daktari siku hiyo hiyo. Sitapiga kelele. Nitapanda mashua ya kwanza kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo bara, na basi nitakalolikuta huko, nije nikae nawe, na sitakuuliza kitu.

Kikapu nimempa dereva. Achari ya embe iko chini, usiilaze. Mahamri ni ya kwangu, mawili yameungua kidogo upande mmoja, nimeyatia hivyo hivyo.

Nimewaambia wote, khalati naye, Jumanne kuanzia magharibi mtu asikupigie. Nami sitapiga.

Mamako,
Lamu